Baba Niliyembambikia Mzee wa Watu

Mimi ni mtu wa kujibu. Hata shuleni Tabora nilikuwa nanyoosha kidole kabla mwalimu hajamaliza swali, na nikikosea sikuona haya, nilinyoosha tena. Mama alikuwa akisema mdomo wangu una haraka kuliko miguu yangu. Watu wamenitania kwa hilo maisha yangu yote, nami nimecheka nao. Siku hizi sicheki sana, na sababu yake ni mzee mmoja wa Kitaliano niliyemtunza hapa London kwa karibu miaka mitatu.

Majina sitayataja. La kwake, la binti yake, la kampuni iliyonituma kwake, yote nayaacha. Lakini kisa chenyewe ni kisa cha jina, kwa hiyo lazima nipate pa kushika. Jina lake la ukoo, ukilifasiri kwa Kiswahili, lilikuwa "wa" fulani, jina la mtu kabisa, la ubatizo. Basi tuseme lilikuwa "wa Petro." Halikuwa Petro, ila Petro atatutosha.

Nilikuwa natoka Barking, napanda mabasi mawili, nafika kwake mchana na kukaa mpaka saa kumi na mbili jioni. Asubuhi alikuja mwenzangu mwingine. Aliishi peke yake kwenye nyumba ya matofali mekundu iliyobanana na za jirani, na nyuma kulikuwa na kiuwanja ambapo alipanda nyanya ndani ya ndoo za rangi. Mke wake alikuwa amefariki. Alikuwa na binti mmoja tu, mtu mzima wa umri wangu, aliyeishi Uskoti na mumewe na aliyekuja kumwona mara moja kwa mwezi. Mzee mwenyewe alifika London akiwa kijana, akaosha vyombo kwenye mikahawa ya watu mpaka akapata mkahawa wake, wa kuwauzia madereva mayai na soseji. Wakati naanza kazi kwake, ugonjwa wa kusahau ulikuwa umeshabisha hodi. Alinijua mimi, alijua nyanya zake, lakini ukimwuliza leo ni siku gani alikuambia uangalie gazeti, na gazeti lenyewe lilikuwa la wiki iliyopita.

Tulipatana mapema, na tulipatana kwa sababu ya majina. Kitambulisho changu cha kazi kilikuwa na jina langu la kwanza na la mwisho, naye siku moja alivaa miwani akalisoma lile la mwisho polepole.

"Hili ni la mumeo?"

"Hapana, mzee. Ni la babu yangu, baba yake baba."

Nikamweleza. Kwetu mtu ana jina lake, halafu la baba yake, halafu la babu yake. Akija mtoto, anaanza na lake, anafuata la baba, na babu wa zamani anapumzika. Lakini hapa Uingereza wanachukua la mwisho, ndiyo maana kila mtu ofisini ananiita kwa jina la babu, fundi baiskeli ambaye maisha yake yote hakufika hata Dodoma. Mzee alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaniambia kwamba jina lake pia lilikuwa la mtu. Akasema kwao majina hayo yamejaa: wa Luka, wa Yohana, wana wa Martino, Yakobo mdogo. Zamani kijiji kilikuwa na Luka wanne, mtu akitaka kujua ni yupi anaambiwa ni yule wa Petro. Alikuwa anaendelea kueleza, mkono ukiwa hewani, nami nikadakia.

"Kumbe ninyi kama sisi!"

Alitabasamu, akaniachia neno. Bila shaka alikuwa anataka kuniambia sehemu iliyobaki, kwamba siku moja makarani waliandika yale majina vitabuni, yakaganda, na tangu hapo mtu anaitwa wa Petro hata kama baba yake ni Luka na babu yake ni Martino. Hilo nimekuja kulijua baadaye, kwa njia mbaya. Siku ile nilikuwa nimeshashiba jibu langu.

Sasa, mzee alikuwa na desturi yake. Saa kumi na moja jioni nilimwekea supu, na kabla hajagusa kijiko aliwataja marehemu wake, mmoja mmoja, akigusa ukingo wa meza kwa kidole kwa kila jina. Alianza na baba yake, akafuata mama, kaka, mke. Alisema kwa Kitaliano cha kijijini kwao, chini chini, haraka haraka, halafu akafanya ishara ya msalaba na kuanza kula. Mimi ni Mwislamu, lakini kuwaombea wazazi waliotangulia sikuhitaji kufundishwa, na nilimheshimu kwa hilo. Ila nilikuwa nikimheshimu nikiwa nimempa mgongo, naosha masufuria. Jina la baba yake nililisikia kila siku kwa zaidi ya mwaka mzima na sikuwahi kulisikiliza. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwa sababu halikuhitaji akili wala elimu. Lilihitaji nifunge bomba la maji nusu dakika.

Jioni moja alianza, kidole mezani, akakwama. Nilisikia kimya nikageuka. Alikuwa anagusa meza pale pale, mara ya pili, ya tatu, midomo inacheza na hakuna kinachotoka. "Baba," alisema kwa Kiingereza, kwa ajili yangu. "Baba yangu. Anaitwa..." Macho yakamjaa maji. Alikuwa ameshasahau mambo mengi na hakuyalilia. Alisahau kama amekula, alisahau kwamba mkahawa umeuzwa. Lakini hili lilimtisha. Alinishika kiganja akaniambia, "Nikimsahau mimi, nani mwingine atamwombea?" Kaka yake hakuwepo tena, na binti yake hakuwa mtu wa kusali. Alikuwa mtu wa mwisho duniani anayelitaja jina lile mbele ya Mungu, na alilijua hilo.

Nikamhurumia. Nataka hilo liandikwe pia, nilimhurumia kweli. Na nikaona jibu liko wazi kabisa, liko kwenye barua zilizobandikwa kwenye jokofu, liko kwenye chupa za dawa. Mtu anaitwa wa Petro, baba yake ni nani?

"Petro, mzee," nikasema. "Baba yako ni Petro."

Akanitazama. "Petro," akarudia. Uso ukalegea. Akagusa meza, akasema Petro, akaendelea na mama yake na wengine wote bila kukwama, akala supu yote na kuomba nyingine. Nilirudi nyumbani nimejaa furaha kifuani. Nikampigia simu rafiki yangu, mama mmoja wa Kongo tuliyeanza naye kazi hii, nikamsimulia jinsi nilivyomrudishia mzee baba yake.

Kama ningeishia hapo labda mzee angesahau na hilo pia. Lakini wiki ile ile kampuni ilituletea vitabu vidogo vya kujaza, kwa kila mgonjwa wa kusahau kitabu kimoja: alizaliwa wapi, anapenda kula nini, wazazi wake nani, ili yeyote atakayeingia zamu apate cha kuzungumza naye. Nilikijaza kwa mwandiko wangu mzuri. Kwenye mstari wa baba nikaandika Petro. Wenzangu wakafanya kazi yao sawasawa. Wa asubuhi akimvalisha soksi alimwuliza, "Habari za baba yako Petro, alikuwa mtu gani?" Wale wawili walioshika zamu tukipumzika walimwuliza hivyo hivyo. Sisi watu wanne, kila siku, kwa upole na kwa maandishi, tukampigilia mzee wa watu Petro kichwani mpaka akaingia.

Binti yake alikuja Jumamosi moja nikiwa zamu. Supu ikaja, mzee akagusa meza na kusema kwa sauti, maana siku hizo alikuwa analisema kwa sauti, kwa kujiamini. Binti aliacha kukata mkate.

"Petro ni nani?" akamwuliza.

"Baba yangu," alisema mzee, akashika kijiko.

Binti alinifuata jikoni akiwa amebadilika rangi. Babu yake hakuitwa Petro, akaniambia. Aliitwa jina la malaika, na akalitaja. Sitaliandika hapa, nimeshalichezea vya kutosha. Nilipolisikia tu nililitambua. Ndilo lile, sauti ile ile iliyokuwa ikipita mgongoni kwangu jioni zote zile na maji yanamwagika. Nikauliza, kwa sauti ndogo, mbona jina lao la ukoo ni wa Petro? Akanieleza kama unavyomweleza mtoto. Huyo Petro, kama aliwahi kuwepo, alikufa miaka mia kadhaa iliyopita. Hakuna anayemjua, wala kaburi lake halijulikani. Ni jina la ukoo tu.

Kufumba na kufumbua alikuwa ameshakichukua kile kitabu juu ya kabati, amekifungua.

"Huu ni mwandiko wako?"

"Ndiyo."

"Na yeye ndiye aliyekuambia? Kwa mdomo wake?"

Ningeweza kumwambia pale pale. Ni sentensi mbili tu. Kwetu jina la mwisho ni la baba au la babu, nilidhani na kwenu ni hivyo, nimekosa, nisamehe. Angekasirika, labda angecheka, labda angepiga simu kwa meneja. Kibali changu cha kuishi hapa kilitegemea kazi ile, na nilikuwa nimeshasikia ya mtu aliyerudishwa kwao kwa makosa madogo kuliko hilo. Hiyo ni sababu, lakini siyo yote. Nilikuwa naona haya. Nilikuwa nimejisifu kwa watu.

"Ndiyo," nikasema. "Alinitajia mwenyewe."

Kesho yake nilijaribu kurekebisha. Nilifika mapema, nikakaa naye mezani, bomba limefungwa, nikamwambia, "Mzee, baba yako," nikamtajia lile jina la malaika, vizuri, kama binti alivyolitamka. Akakunja uso. Nikalirudia. Akanitazama kwa adabu, kama mtu anayetafuta namna ya kumwambia mgeni kwamba amekosea nyumba.

"Huyo simjui," akasema.

Nilijifungia chooni nikalia. Nilipotoka nilifuta Petro kwenye kitabu na kuandika jina la kweli juu yake, na kwa wiki nzima nilimtajia kila siku. Siku ya nne alikasirika akasukuma sahani. Siku ya saba aliniuliza kwa nini namsumbua na mtu asiyemjua. Nikaacha. Nilimpigia rafiki yangu kumwuliza nifanye nini, na safari hii sikumsimulia kwa kujisifu.

"Dada, nyamaza," aliniambia. "Ukisema, batakufukuza kazi, na ule mzee hatapona. Ni maladi, ile ugonjwa yake, inamusahaulisha, si weye."

Nilikubali haraka. Nilikuwa namtafuta mtu wa kuniambia hivyo, na nilijua kwa nini nimempigia yeye na siyo dada yangu mkubwa, ambaye angenitukana na kuniambia nirudi nikaseme.

Kumbe nilichokidhani ni kosa la jikoni, la mimi na mzee tu, kilikuwa kimeshatoka nje ya nyumba. Binti hakuamini kwamba ni ugonjwa. Ugonjwa unafuta, alisema, hauandiki. Kama baba yake aliweza kumtajia mgeni jina la mtu mwingine, akalisema jioni baada ya jioni bila kusita, basi lilitoka mahali. Alipokuja tena alikaa na baba yake sebuleni, akamwuliza Petro alikuwa mtu gani. Mzee akasimulia kwa furaha kwamba Petro alikuwa akimbeba mabegani kwenda kuchuma zeituni, na kwamba alimfundisha kupiga mluzi. Nilikuwa nakunja nguo pale pale. Binti akaanza kuhesabu kwa vidole, na akaniambia mimi, siyo baba yake, kwamba babu yake alikuwa mateka wa vita mbali kabisa, na alirudi nyumbani wakati baba yake huyu ana miaka sita au saba. Sasa nani alimbeba mabegani?

Pengine ni mjomba. Pengine ni baba yake yule yule, baada ya vita, na kichwa cha mzee kimechanganya miaka. Pengine mluzi ulikuwa wa kweli na zeituni zilikuwa za kweli na jina tu ndilo lilikuwa langu. Yote hayo niliyajua na kuyapanga kichwani huku nakunja taulo. Binti aliitazama picha ya bibi yake iliyokuwa ukutani, mwanamke mwenye kitambaa kichwani na mikono ya kazi, aliyelea watoto wawili peke yake wakati wa vita.

"Kwa hiyo bibi naye," akasema.

Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua mdomo. Nikamwuliza kama anataka chai.

Baadaye aliniambia kwamba alimpigia simu mama yake mkubwa kule Italia, dada wa mama yake, bibi wa miaka tisini wa kijiji kile kile, kumwuliza kama kijijini palikuwa na mtu anayeitwa Petro wakati wa vita. Yule bibi alielewa mara moja anaulizwa nini. Alimwambia akaoshe mdomo wake, akakata simu, na hawakuzungumza tena. Binti alinisimulia hayo kwa kunong'ona, mkono wake begani kwangu, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa karibu na baba yake na nilistahili kujua. Alianza kuniletea zawadi ndogo ndogo kutoka Uskoti, biskuti na soksi za sufu. Nilizipokea zote.

Nimejiuliza mara nyingi ni siku ipi hasa ilikuwa siku ya mwisho ya kusema. Nadhani kila siku ilikuwa inafaa, na kila siku ilikuwa nzito kidogo kuliko ya jana. Mwanzoni ningekiri ujinga tu. Baada ya picha ile ya ukutani, ningekuwa nakiri kwamba nimemwacha bibi wa watu, marehemu, asiye na wa kumtetea, avuliwe heshima yake na mjukuu wake mbele yangu. Kibali changu kilikuja kutimia, nikapata ruhusa ya kukaa bila kutegemea kampuni yoyote, na bado sikusema. Kwa hiyo hata ile sababu ya kibali najua ilikuwa na thamani gani.

Mzee alifariki mwanzoni mwa majira ya baridi, mapafu yalijaa maji. Siku zake za mwisho hakusema Kiingereza tena. Aligusa ukingo wa kitanda kwa kidole, na nilisikia Petro, kisha mama yake, kisha kaka, kisha mke. Hakukosa hata mmoja. Petro yule sijui ni nani, sijui kama aliwahi kuishi, sijui kama maombi ya mtu yanaweza kupotea njia au Mungu anayafikisha anakojua. Nimemwuliza shehe wetu, bila kumwambia ni nani aliyekosea, akanijibu kwamba Mungu anajua nia. Ilinituliza kwa upande wa mzee. Kwa upande wangu haikusaidia kitu, maana hata yangu anaijua.

Nilikwenda kanisani kwenye mazishi, nikakaa benchi la nyuma na mwenzangu wa zamu ya asubuhi. Watu walikuwa wachache: majirani wawili, wazee kadhaa wa Kitaliano wenye makoti meusi, mkwe wake. Kutoka Italia hakuja mtu. Padri alieleza kwamba marehemu alikuwa na desturi ya kuwaombea wafu wake kila jioni, na kwamba leo binti yake atawataja kwa niaba yake, na mzee mwenyewe sasa akiwa miongoni mwao. Binti akasimama na karatasi. Alimtaja baba yake, kisha mama yake, kisha kaka wa mzee. Halafu akamtaja bibi yake kwa sauti ya chini. Kisha akakunja karatasi na kurudi kukaa.

Nilisubiri. Sijui nilisubiri nini. Lile jina la malaika lilikuwa mdomoni kwangu, zima, na kanisa lote lilikuwa kimya kiasi kwamba ningelisema hata kwa kunong'ona lingesikika. Mtu aliyerudi kutoka utekani, akalea watoto wake, akapewa na mwanawe nafasi ya kwanza mezani kila jioni kwa maisha yote, siku ya mazishi ya mwanawe hakutajwa na yeyote. Padri akaendelea.

Nje, baridi ilikuwa kali. Binti alinitafuta kati ya watu, akanishika mikono yote miwili na kunivuta pembeni, mbali na mumewe.

"Sisi hakutuambia," alisema, analia. "Miaka yote hii, hata mama hakumwambia. Wewe alikuamini. Asante kwa kumtunzia siri yake."

Nikamwambia, "Karibu."